Mgonjwa Asiyekosa Dozi

"Jirani yangu anasema mtoto wake alizoea dawa ya pumu ya kuvuta, mapafu yakawa mavivu," bibi mmoja alimwambia mwanamke kijana aliyeketi kando yake ndani ya gari la Muleba. "Mjukuu wangu nampa akishabanwa kifua tu."

Sada, nyuma yao, hakuwa na mtoto, lakini masikio alikuwa nayo.

"Mama, hiyo ya kuzuia ni ya kila siku, hata asipobanwa," akajibu mwanamke kijana. "Wangu alikuwa akiikimbia dawa, anajificha migombani. Sasa ana mwanasesere wa majani ya mgomba. Mwanangu humvutisha huyo kwanza kwa kopo tupu la dawa, kisha mwenyewe anavuta yake."

"Mwanasesere anaendeleaje?"

"Hajabanwa tangu Pasaka. Wala mwanangu."

Bibi akacheka. "Mwombe mwanao amwazime mjukuu wangu huyo mgonjwa."

"Rwamishenye!" akaita kondakta, gari likasimama.