Nusu ya Tope Inayobaki Bujumbura

KARIBU
Mgeni rasmi, Profesa Népomuscène, sisi wafanyakazi wanne wa maabara ya tope, hapa Bujumbura, tunakupokea kwa furaha ya kweli. Uliondoka mwaka 1993 ukituachia ufunguo na mirija tisa ya tope, ukasema utarudi baada ya wiki mbili. Leo ni 2003. Karibu, hukuchelewa sana.

TULIKOTOKA
Tope hilo ulilitoa chini kabisa ya Ziwa Tanganyika. Ndani yake mna maganda ya vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Tabaka likiwa na maganda mengi, tunajua miaka ile upepo ulikoroga ziwa na ndagala, dagaa wetu, wakashiba. Yakipungua, maji yalitulia na kupata joto. Lakini tope likikauka hupasuka, na habari zote huvurugika.

Vita vilipokata umeme wa friji yetu, tuliibeba mirija mabegani hadi chumba cha barafu cha mama Pascaline, mwuza samaki kutoka Uvira. Alisema, "Muweke tu. Lakini ikianza kunuka, mi naitupa." Miaka tisa sasa, haijanuka.

KOSA LETU
Hatufichi. Kabla ya kupata barafu, Bonfils, mlinzi wetu anayekusomea risala hii, aliziba midomo ya mirija kwa magunia aliyolowesha ziwani. Alidhani maji ya ziwa lilikotoka tope hayawezi kulidhuru. Kumbe yaliingiza vijimea vya juzi katika tope la maelfu ya miaka. Odette, mwenzetu anayehesabu maganda, aliviona kwa hadubini, bado vina rangi ya uhai, akalia. Tukakwangua unene wa kidole kwenye kila mdomo. Ndani ni safi. Miaka ya juu kabisa imepotea, ila hiyo wazee wetu bado wanaikumbuka.

MAFANIKIO
Odette hutoka mtaa wa Kinama kwa miguu, siku ambazo risasi zimenyamaza. Amekwisha kuhesabu maganda ya mrija mmoja, tabaka mia nne. Tunamwonea fahari. Daftari liko mbele yako.

MAOMBI
Barua yako inasema mirija yote itapanda ndege kesho, kwa usalama. Tunaomba jina la Odette liandikwe juu ya matokeo, pamoja na lako, si chini kwenye shukrani.

Ombi la pili tumekwisha kulitimiza, utusamehe. Wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba mrija hupasuliwa kwa urefu, nusu ya kufanyia kazi, nusu ya kuhifadhi. Wa Odette ulikwisha kupasuliwa; jana tuliipasua minane iliyobaki. Nusu zako zimefungwa vizuri, ziko mlangoni. Zetu zimerudi kwa mama Pascaline, na safari hii hakutaja kutupa.

Mungu akufikishe salama, akurudishe kabla ya miaka kumi mingine.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Maabara ya Tope, Bujumbura