Siku Tisa za Wanphrang Marbaniang

Wapendwa mliopanda mlima huu wa Mawlai kwenye mvua, mjomba wetu ndiye aliyepaswa kuwasomea maisha ya kaka yangu, lakini nimemwomba anipishe, kwa kuwa yapo mambo ambayo yeye angeyaruka kwa kunihurumia, nami sistahili kuhurumiwa.

Marehemu alizaliwa Mairang tarehe 14 Machi 1971, wa kwanza kati ya watoto wawili wa mama yetu, Kong Thrisilda Marbaniang, akasoma hapohapo Mairang hadi mwaka 1989, kisha akajifunza ufundi wa simu Guwahati, na mwaka 1994 akaanza kazi ya kupanda nguzo za nyaya hapa Shillong. Nyaya zilipopitwa na wakati hakulalamika, alijifunza upya, na mwezi Mei 2012 ofisi moja ya bima yenye ghorofa nne ilimwajiri aiwekee simu za mezani za intaneti, mia mbili na arobaini, na kuzisimamia. Kazi hiyo aliifanya peke yake, katika chumba kisicho na dirisha, kwani simu hizo hazipangwi mojamoja: unaandika orodha moja ndefu, kila simu na jina la mwenyewe na namba yake, unaipakia kwenye kompyuta kuu, na simu zikichomekwa ukutani kila moja inajisomea yaliyo yake. Ukiifanya vizuri, hakuna anayejua kama upo.

Kuhusu ndoa, marehemu hakuoa, wala hakujaliwa mtoto. Kwa desturi yetu nyumba ya mwanaume asiyeoa ni ya mama yake, na mama akifariki ni ya binti wa mwisho, yaani mimi, na mama alituacha tarehe 2 Februari 2013. Wasilolijua wengi ni kwamba mwezi Aprili nilimwambia kaka wanangu wamekua, wanakihitaji chumba chake. Akanijibu, "Sawa, Rilin, kitanda kimoja hakikosi pa kukaa," akahamia chumba cha kupanga Nongthymmai, na tangu hapo alikuja kwangu Krismasi tu, akibisha hodi kama mgeni.

Mwezi Juni mwaka huohuo alikosea. Alikuwa anapakia orodha mpya, safu ya majina ikateremka mstari mmoja, na asubuhi kila mtu akakuta simu yake ina jina na namba ya jirani. Mkurugenzi alipigiwa kutoka Delhi, simu ikaita stoo ya usafi, Kong Phidalia, dada wa usafi, akapokea: "Mkubwa hayupo huku, bwana, nipo mimi na ndoo." Kaka aliizunguka ofisi nzima akirekebisha meza kwa meza, siku tisa, na kila alipofika alipewa chai na tambuu, akaulizwa kwao wapi. Aliponisimulia Krismasi ile, uso umemchangamka, nilimkata maneno: "Kumbe hata kazi yenyewe huijui." Akacheka kidogo.

Juzi kwenye matanga, Bah Shemphang, bwana wa kompyuta wa ofisi ileile, alinivuta pembeni. "Kong, lile kosa lilikuwa la dakika kumi. Unapandisha safu, unaziwasha simu zote upya kwa mpigo, wala huinuki kitini. Nilimwambia. Akasema, niache kidogo, Shem, leo watu wameniita kwa jina." Tangu juzi maneno hayo hayajanitoka.

Mwezi Januari 2024 figo zake zilishindwa, akawa anakwenda hospitali kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, kwa basi, bila mtu wa kumsindikiza, na mimi niliambiwa mwezi Agosti. Aliaga dunia Jumamosi, tarehe 9 Novemba 2024, saa nne asubuhi, na aliyekuwa amemshika mkono ni muuguzi.

Nawashukuru madaktari, na zaidi muuguzi huyo, majirani wa Nongthymmai waliomfulia nguo alipoishiwa nguvu, na vijana wa mtaa waliochimba kaburi. Na nyinyi wa ofisini, wa ghorofa zote nne, nawashukuru kwa chai ya siku tisa. Nyumba ya kuinywea chai hiyo ilikuwa yangu, na kuimimina ulikuwa wajibu wangu, mkanifanyia nyinyi bila kujua.

Pumzika wewe kwa amani, kaka. Mimi itanichukua muda.