Amina ya Viti vya Nyuma

Mpishi wa shule hakuwa na nia ya kusikiliza, lakini masikio hayana pazia. Kwenye kiti cha mbele yake, ndani ya basi, walikaa watu wawili wasiojuana: fundi bomba aliyepakata mkoba wa spana, na mama mmoja aliyekuwa akienda kwenye ibada.

"Mimi niliacha kwenda huko," alisema fundi. "Mungu hunisikia hata nikiwa chini ya sinki."

"Anakusikia, mwanangu. Lakini maji nayo ni ya Mungu, na bado unawawekea watu mabomba."

"Bomba lenu linavuja, mama. Majungu matupu!"

"Likivuja, unalitupa au unalikaza?"

Mpishi alibana kicheko. Fundi hakucheka. "Mke wangu anapasuliwa leo," alisema taratibu. "Tangu jana nafungua mdomo niombe, maneno hayaji."

Mama aliacha kubishana. Alimshika mkono, akamwombea mkewe kwa sauti: daktari awe na mkono mtulivu, na mgonjwa aamke. Alipomaliza, mpishi alishtukia amesema "Amina" kwa nguvu, na viti vyote vya nyuma vikaitikia pamoja naye, hata kondakta.

Fundi aligeuka akawatazama, macho yamejaa machozi. "Asanteni," alisema. "Asanteni sana, jamani."

"Umeona?" mama alimchokoza. "Umesharudi."

"Hili ni basi, mama."

"Kwani nimesema si basi?"

Basi likasimama mbele ya hospitali, na kondakta akamshikia fundi mkoba wake mpaka akashuka.