Lori Linalomwaga Kweli

Benchi lilikuwa nje ya kibanda cha kinyozi, chini ya bati lililochomoza kuelekea barabarani, na wenyeji wake wa jioni walijulikana kwa majina waliyobandikwa palepale. Breki alikuwa dereva mstaafu wa malori, mzee asiyeishiwa maneno. Waya alikuwa fundi simu wa meza ya jirani. Shangazi aliuza kahawa, na kwa kuwa birika lilikuwa lake, hakuna aliyethubutu kumkata kauli. Kinyozi mwenyewe hakuwa msemaji. Lakini jioni ile alitoka ndani na sanduku la vipande vya plastiki vya kuunganisha, vyenye matundu, vijiti na gia, akavimwaga katikati ya benchi.

— Siku hizi unacheza? Waya akamuuliza.

— Ni vya binti yangu.

Akawaeleza. Mkewe aliendesha lori la kifusi kwenye ujenzi wa barabara, mbali, na tangu aondoke mvua zilikuwa zimekuja zikapita. Mwanzoni mtoto aligombania simu. Sasa mama akipiga, mtoto anajifanya kalala. Kinyozi akamnunulia lori la dukani, walau aione kazi ya mama yake. Mtoto akaligeuza chini juu, akamrudishia. "Baba, hili halifanyi chochote. Hata usukani ni wa kuchorwa. Mama anaendesha hili?"

— Kwa hiyo nataka linalofanya kazi, akamaliza Kinyozi. Ukizungusha usukani, tairi zikate kona. Ukizungusha hiki, bodi inyanyuke, imwage. Basi.

— Basi? Breki akaguna. Lori bila difu ni mkokoteni.

— Difu ya nini kwenye kitu cha kuchezea?

— We bwana! Ukikata kona, tairi ya nje ina safari ndefu kuliko ya ndani. Ukizifunga pamoja, moja itaburuzwa. Mtoto ataona linagoma.

Wakajaribu. Kweli, likagoma. Wakapachika difu, gia ndogo zinazotazamana katikati ya tairi za nyuma, kila tairi ikapata uhuru wake, na lori likakata kona kwa ulaini hadi Kinyozi akajikuta anacheka peke yake.

Bodi ndiyo iliyowatoa jasho. Wakiinyanyua na kokoto ndani, wakiachia tu, inashuka puu! Waya akakuna kichwa, kisha akachomoa kipande chembamba chenye mzunguko kama wa skrubu.

— Weka hiki. Hiki kinaizungusha gia, lakini gia haiwezi kukizungusha chenyewe. Ukiachia, bodi inabaki hapohapo.

Ikabaki. Wakapigana viganja. Hapo wangeweza kuacha, ila benchi lile halikujua kuacha.

— Sasa injini, akasema Waya. Pistoni sita, zipande zishuke tairi zikizunguka.

— Utaziweka wapi? akauliza Kinyozi.

— Mbele huku. Si pako wazi?

— Na mlango wa nyuma ufunguke wenyewe, akasema Shangazi. Pale kwetu malori yanamwaga kila siku, sijaona mtu akishuka kufungua.

— Basi tupitishe mnyororo juu ya injini, akasema Waya.

— Na gia za kubadilisha! Breki akadakia. Lori la mwendo mmoja litapandaje mlima?

— Mzee, chumbani kuna mlima gani?

— Kitanda! Na kitanda kina mteremko mkali kuliko unavyodhani.

Kutoka ndani ya kibanda mteja akatoa kichwa kilichonyolewa upande mmoja.

— Jamani, springi mmeweka?

— Tunaweka, subiri, akajibu Kinyozi, bila hata kuinua macho.

— Naweza kulitia na moshi, akasema Waya. Naunguza waya kidogo tu.

— Umuunguze mtoto wa watu? Kunywa kahawa yako, Shangazi akamnyamazisha.

Lori lilipokamilika, mwanamke mwenye buti za vumbi na begi begani alikuwa amesimama mbele yao.

— Hamjambo hapa?

— Shemeji!

Kinyozi aliinuka, akasahau kwamba lori liko mapajani. Breki akalidaka.

— Mbona hukusema unakuja?

— Mashine ya lami imeharibika, tumepewa ruhusa. Ningepiga simu, nani angepokea?

Hakusema kwa hasira. Akalichukua lori, akalikatisha kona juu ya benchi.

— Mmeweka difu.

— Bila difu ni mkokoteni, akasema Breki.

Akazungusha. Bodi ikapanda, mlango ukafunguka, kokoto zikamwagika. Akaachia, bodi ikabaki juu. Akatikisa kichwa kuridhia. Kisha akachungulia dirisha la mbele, akaligeuza lori, akachungulia la pili.

— Na mimi nakaa wapi?

Breki akasogea upesi.

— Karibu shemeji, benchi ni lako.

— Sisemi benchi, mzee. Nasema humu.

Wakainama wote. Kabini ilijaa pistoni, gia na mnyororo. Usukani ulikuwa umebanwa kwenye kioo, na hata kidole cha mtu kisingepata pa kupumzika. Shangazi akainua birika, lakini hakuna aliyenyoosha kikombe.

Binti yao alikuwa mlangoni mwa kibanda, na hakuna aliyejua tangu saa ngapi. Akaja polepole, macho kwenye lori lililokuwa mikononi mwa mama yake, si kwa mama mwenyewe. Akaingiza vidole dirishani, akang'oa pistoni ya kwanza.

— Tutoe hizi, akasema.

— Injini itakufa, mjukuu wangu, Breki akamnong'oneza.

— Ife.

Mama akapiga magoti vumbini, akalishika lori kwa mikono miwili lisitikisike, na mtoto akaendelea kung'oa.