Kamera Isiyokuwepo Konani

— Ukibonyeza hapo, Stamen, umevunja sheria!

— Sheria gani, mzee? Kamera haipo, nabonyeza “haipo”. Kosa langu liko wapi?

— Na aliyeandika kwamba ipo?

— Huyo ndiye wa kufungwa. Mtafute basi, umfunge!

Mzee Gencho na Stamen walikuwa wameanza hivyo kabla sijamimina kahawa. Benchi lao liko mbele ya duka la shangazi yangu, ninakofanya kazi tangu nilipoacha shule darasa la nane. Mzee Gencho tunamwita Kifungu, maana alikuwa karani wa mahakama na hawezi hata kukohoa bila kutaja kifungu cha sheria. Stamen ni Turbo, dereva wa lori la mbao. Bi Penka ni Redio, na sababu anaijua kila mtu. Asubuhi ile wote watatu walikuwa wameinamia simu ya Turbo. Ramani ile inayowaongoza madereva ilionyesha kamera ya mwendo kwenye kona ya chini, hatua mia mbili kutoka dukani. Pale hakuna kamera. Kuna nguzo ya umeme, na juu yake tangazo la kifo cha Dobri, lenye picha yake, ambalo mama yake, Mama Zlatka, hulibandika upya kila mvua inapoliharibu. Dobri aliivaa nguzo hiyo kwa pikipiki mwaka jana, saa moja na dakika kumi asubuhi. Na onyo lile hutokea kila siku saa moja na dakika kumi, na kufifia jioni.

— Watu wawili wameshalalamika, Turbo akasema. Akibonyeza wa tatu, onyo linafutwa na aliyeliweka anafungiwa akaunti moja kwa moja. Wa tatu ni mimi. Kila siku nakanyaga breki bure na magogo mgongoni!

— Subiri kwanza, Kifungu akasema. Tuangalie sheria. Kifaa kinachonusa kamera ni marufuku, hilo halina ubishi. Lakini simu hainusi. Simu inaambiwa. Ni sawa na wewe unapowamulikia taa wenzako kwamba polisi wako mbele.

— Inaambiwa na nani? Redio akauliza.

Turbo akagusa ile alama ya kamera kwa kidole. Likatokea jina la aliyeweka onyo. Akalisoma, kisha akaiweka simu benchini taratibu, kama kitu cha moto.

— Dobri, akasema. Na picha ya pikipiki yake ile nyekundu.

Nikaacha kumimina.

— Ni wahuni wa kijiji cha pili, Kifungu akasema, lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Wamechukua jina la marehemu. Kuna kifungu cha hilo.

— Wahuni gani wanaamka saa moja kila siku, hata Jumapili, hata Pasaka? Mi nasema ni mashine, Turbo akasema. Dobri alikuwa anaweka maonyo kila mahali, unakumbuka? Mashine ikamzoea. Sasa inafanya kwa niaba yake.

— Mashine imzoee mtu? We umelala na lori lako miaka ishirini, limekuzoea? Redio akamcheka, kisha akajifanyia ishara ya msalaba. Mimi nawaambia, siku ya arobaini mkate wa kumwombea Dobri haukuliwa wote. Nilisema siku ile ile. Aliyeondoka na njaa hukaa njiani.

— Kwa hiyo anakaa kwenye nguzo? Turbo akauliza.

— Anakaa kwenye kona. Mbona mbwa wangu hapiti pale? Na mmeona theluji ya mwaka huu ilivyoikwepa ile nguzo?

Kahawa ilikuwa inapoa, na ukungu ulikuwa haujaondoka barabarani. Mimi nilikuwa natazama chini, kwa sababu saa moja na nusu mdogo wangu Yana huvuka konani kwenda kupanda basi la shule. Kabla ya onyo lile, malori yalipita pale kama yanafukuzwa.

— Kaka Stamen, nikasema, usibonyeze leo.

— Wewe chemsha kahawa, Neda.

Ndipo akaja Sajini Ralitsa, askari mpya aliyeletwa kutoka mjini mwezi ule. Alishasikia malalamiko kuhusu onyo lile. Akasimama na kikombe chake, akasikiliza yote mpaka mwisho, kisha akauliza:

— Simu ya marehemu anayo nani?

Kifungu akatazama viatu vyake. Turbo akatazama lori. Redio akakoroga kahawa yake. Sote tulikuwa makaburini siku Dobri alipozikwa. Kwetu maiti huzikwa na alichokipenda: miwani, sigara, karata. Mama Zlatka alimwekea Dobri simu mfukoni mwa koti, na hakuna aliyekumbuka kuizima. Iliita jeneza likiwa limefika katikati ya shimo. Wachimbaji walibaki na kamba mikononi, padri akanyamaza, nayo ikaita mpaka ikachoka yenyewe. Nani angemwambia askari hayo?

— Kama hakuna aliye nayo, basi huyu ni tapeli, Sajini akasema akitoa simu yake. Onyo la uongo ni hatari. Nitabonyeza mimi.

Kidole chake kilikuwa juu ya kioo tuliposikia lori likija kwa kasi kutoka bondeni. Halafu breki. Likaingia konani polepole, likasimama kabisa. Kwenye ukungu nikaliona begi la njano la Yana likivuka.

Nyuma yetu kengele ya mlango wa duka ikalia. Mama Zlatka, aliyekuwa ndani muda wote akichagua mishumaa, alikuwa amesimama kizingitini.

— Simu nilimwekea mimi, pamoja na chaja yake, akasema. Usimfute, binti yangu. Huko aliko hana kazi nyingine.