Wakili Aliyewaamkia Mashahidi

Wasifu wa marehemu Severina Melkizedeki Msengi, 1971–2025

Baba Paroko, wazee wetu, majirani wa Ulemo na ninyi mliotoka mbali: shikamooni nyote mnaostahili, na wengine hamjambo. Wasifu huu unaanza na salamu kwa sababu mwenyewe asingekubali uanze kwa namna nyingine. Unasomwa na mdogo wake, Paskali, ambaye familia imemwonya mambo mawili: asilie katikati, na asitie chumvi. La kwanza atajitahidi.

Severina alizaliwa tarehe 9 Mei 1971 hapa hapa Ulemo, Iramba, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa marehemu mzee Melkizedeki Msengi na mama yetu Scholastika, ambaye yupo nasi leo. Alibatizwa mwezi uliofuata. Alianza kuongea mapema, na tangu aanze hakuna aliyemkumbuka akiwa kimya kwa muda mrefu. Akiwa na miaka minne hivi, baba alisimamisha sanamu katika shamba la mtama ili kufukuza ndege, akaivika koti lake kuukuu na kofia. Asubuhi Severina alipita pale na mama, akasimama, akainamisha kichwa. "Shikamoo, babu." Sanamu kimya. Akarudia kwa sauti zaidi. Mama akamvuta mkono, mtoto akagoma. "Bado hajaitikia," alisema. Ilibidi baba, aliyekuwa akilinda ndege upande wa pili, abadilishe sauti na kujibu kutoka ndani ya mtama, "Marahaba, mjukuu wangu, nenda salama." Hapo ndipo alipokubali kuondoka. Kisa hiki kilitumika kumtania hadi siku ya harusi yake.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1979 hadi 1985. Alipokuwa darasa la sita alimsindikiza shangazi yake mahakamani kwa ajili ya shauri la shamba la urithi. Shangazi alikuwa mtu wa heshima zake, lakini siku hiyo alihojiwa na upande wa pili kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Severina alirudi nyumbani amenuna. Jioni alimwambia baba, "Na mimi nitakuwa wa kuuliza maswali, lakini nitauliza vizuri." Baba alicheka, kisha akauza ng'ombe kila ilipobidi. Severina akaenda sekondari ya bweni, akamaliza kidato cha nne mwaka 1989 na cha sita mwaka 1992. Alitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, akajiunga na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1993, na akahitimu Shahada ya Sheria mwaka 1997. Aliapishwa kuwa wakili Desemba 1999. Picha ya siku ile mnaiona kwenye jalada la ratiba hii. Joho lilikuwa la kuazima na refu mno, lakini tabasamu lilikuwa lake.

Mwaka 2000 aliajiriwa na ofisi moja ya mawakili mjini Dodoma. Ilikuwa ofisi nzuri, yenye kiyoyozi na wateja wakubwa. Siku yake ya kwanza kusimama mahakamani alipewa kumhoji bibi mmoja, shahidi wa upande wa pili. Akasimama, akatengeneza joho, na kabla hajafikiri mdomo ukasema, "Shikamoo, mama." Yule bibi akafurahi kweli kweli. "Marahaba, mwanangu! Hamjambo huko? Wazazi hawajambo? Umetokea wapi?" Naye Severina akaanza kueleza anakotoka. Hakimu ilibidi agonge meza. Mahakama nzima ilicheka, na aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote, kwa maelezo yake mwenyewe, alikuwa Severina.

Bosi wake hakucheka. Alimwita ofisini akamwambia, "Wakili hamwamkii shahidi wa upande wa pili. Ukishamwamkia umeshapiga magoti, na aliyepiga magoti hawezi kuuliza. Hiyo kaiache Iramba." Severina alikuwa mgeni kazini, na alitaka kazi. Akaiacha.

Mwaka 2002 alisimamia shauri la kiwanja cha duka kilichopo Itigi. Shahidi mkubwa wa upande wa pili alikuwa mrina asali wa huko, mzee Chediel, umri wa kumzaa kabisa. Severina alisimama bila salamu. Mzee alihesabu miaka kama wazee wetu wanavyohesabu: mwaka wa njaa, mwaka wa mvua zilizokata reli, mwaka aliomwoza binti yake. Severina akambana. "Tarehe, mzee. Mahakama inataka tarehe." Kila alipofungua mdomo, mzee alikuta swali jingine limeshafika. Watu wakaanza kucheka, na safari hii kilikuwa kicheko cha aina nyingine. Mwisho mzee akawa anatazama mikono yake tu. Shauri Severina alilishinda, tena kwa haki, maana sheria ilikuwa upande wa mteja wake. Bosi alimshika mkono mbele ya wote.

Nje, karibu na geti, alimkuta mzee Chediel akisubiri usafiri wa kurudi. Akamsogelea. "Shikamoo, baba." Mzee akamtazama kwa utulivu. "Kule ndani hukuniona," alisema. "Hapa nje ndiyo unaniona?" Hakuitikia. Akageuka akaondoka zake.

Severina alisimulia baadaye kwamba siku hiyo alimwona shangazi yake akitembea ndani ya miguu ya yule mzee. Alivumilia ofisini mwaka mwingine, akiendelea kushinda na kupandishwa, hadi bosi alipomwita kumwambia kwamba jina lake litaandikwa mlangoni pamoja na majina ya wakubwa. Severina alishukuru, kisha akaomba jambo moja tu: aruhusiwe kuwaamkia wazee mahakamani. Bosi alidhani anataniwa. "Unataka kuacha jina mlangoni kwa ajili ya salamu?" Severina akasema ndiyo. Mwezi Agosti 2003 alishuka Kiomboi na masanduku mawili ya vitabu, akapanga chumba kimoja karibu na soko, akaandika jina lake mwenyewe mlangoni kwa rangi ya mafuta. Lilipinda kidogo kuelekea kulia, na halijanyooshwa hadi leo.

Kazi ya Kiomboi ndiyo iliyomfanya awe yule mliyemfahamu. Alitetea wajane, wafugaji, wenye alizeti, walimu na hata padri mmoja, ambaye hatutamtaja kwa kuwa yupo. Alimwamkia kila aliyemzidi umri, awe wa kwake au wa upande wa pili, kisha akauliza maswali yake bila kupunguza hata moja. Waliodhani salamu imemlainisha walitoka kizimbani wakipangusa jasho. Mawakili wenzake walimwita Wakili Shikamoo, mwanzoni kwa dhihaka. Yeye alilipenda jina hilo kiasi cha kulitumia kwenye simu.

Hata ndoa yake ilitokana na salamu. Mapema mwaka 2004 bwana mifugo kutoka Nduguti, Benjamin Kiula, aliingia ofisini kuulizia mambo ya josho la kijiji. Benjamin ana mvi tangu ujana wake. Severina akainuka, "Shikamoo, baba, karibu kiti." Kwa mshtuko Benjamin akaitikia, "Marahaba." Walipofika kwenye tarehe za kuzaliwa ikabainika kwamba Severina ni mkubwa kwake kwa miaka miwili. Alidai marahaba yake irudishwe. Benjamin alikataa, akaja tena wiki iliyofuata kuendelea kukataa, na tena iliyofuata. Walifunga ndoa takatifu Kiomboi tarehe 18 Septemba 2004. Kwa miaka ishirini, kila walipokosana kwa jambo la nyumbani, Benjamin alimaliza kwa kusema, "Wewe ulishaniamkia mbele ya mashahidi." Mungu aliwajalia watoto wawili, Catherine na Michael.

Furaha ilikuwa nyingi, lakini jambo moja lilimkosesha raha, na alilisema wazi kwa kila aliyemuuliza. Alitaka mzee Chediel amwitikie. Kila alipopita Itigi, alikwenda hadi nyumbani kwake. "Shikamoo, baba." Mzee alimletea kiti. Alimpa asali aonje, alimuuliza habari za mvua za Iramba, alibishana naye kuhusu serikali, alimfundisha kutambua asali iliyochakachuliwa. Marahaba hakuitoa. Mke wake, mama Theresia, alikuwa akiona aibu. "Mwitikie mtoto wa watu!" Mzee alijibu, "Sijakataa. Alininyima mbele ya hakimu, aniamkie mbele ya hakimu." Severina alikubali kwamba hoja hiyo ilikuwa nzito kisheria. Ila angempatia wapi mzee wa watu hakimu?

Hakimu alipatikana mwaka 2011, Manyoni. Mtu mmoja wa Itigi, Gabrieli, alimweka Severina awe wakili wake katika shauri la mizinga ya nyuki aliyodai ni ya marehemu baba yake. Siku ya ushahidi, upande wa pili ukamwita shahidi wao, na aliyepanda kizimbani akiwa na kofia mkononi alikuwa mzee Chediel. Gabrieli akamnong'oneza wakili wake, "Tafadhali, huyu usimwamkie. Atajiona mkubwa." Severina akajibu, "Ni mkubwa." Akasimama.

"Shikamoo, baba."

Mzee akaigeuza kofia yake mkononi. Hakimu akainua kalamu. Karani akaacha kuandika. Kwa kuwa habari za Itigi hazina siri, nusu ya watu waliokuwa kwenye mabenchi walijua kinachosubiriwa, na nusu nyingine wakawauliza. "Shahidi," hakimu akasema, "umesalimiwa." Mzee akasema, "Nimesikia, mheshimiwa. Nilitaka na wewe usikie." Kisha akamgeukia Severina, na uso wake wote ukafunguka. "Marahaba, mwanangu. Marahaba sana. Haya, sasa uliza."

Severina aliuliza, tena kwa ukali wake wote. Mzee alijibu yote bila kuficha: mizinga ilichongwa na nani, ilitundikwa lini, na kwa nini haikuwa ya baba yake Gabrieli. Alipotaja mwaka wa nzige, Severina alisubiri kwa adabu hadi mzee alipoupata kwa tarakimu. Shauri akalipoteza. Alirudi Kiomboi akiimba ndani ya basi, na Benjamin alipomwona getini akadhani ameshinda. "Nimeshindwa vibaya," Severina alisema, "lakini nimeitikiwa!" Walichinja jogoo. Gabrieli alinuna miezi kadhaa, kisha akamletea shauri jingine, kwa maelezo kwamba hata aliposhindwa hakuna aliyeaibishwa.

Baada ya hapo ofisi ile ya chumba kimoja ikawa vyumba vitatu, na vijana wakaja kujifunza kazi. Mawakili Luciana na Amosi, waliopo hapa, walipita mikononi mwake. Aliwaambia tangu siku ya kwanza kwamba sheria wataikuta vitabuni, ila adabu waje nayo kutoka nyumbani na wasiiache getini kwa mtu yeyote. Aliwaambia pia wale chakula kabla ya kwenda mahakamani, kwa sababu wakili mwenye njaa ana hasira. Yeye mwenyewe alikula vizuri.

Mwezi Agosti 2024 alianza kusumbuliwa na tumbo. Alitibiwa Singida na baadaye Dar es Salaam, ambako iligundulika kuwa ni saratani. Aliipokea habari hiyo kama alivyopokea hukumu ngumu, akauliza kama kuna rufaa, na alipoambiwa nafasi ni ndogo akaomba kurudi nyumbani. Wiki zake za mwisho zilikuwa na wageni wengi kuliko ofisi. Mzee Chediel, akiwa na miaka themanini na zaidi, alifika Februari na asali ya chupa. Severina alikuwa dhaifu, lakini alijiinua kwenye mto akamwamkia. Mzee aliitikia kabla salamu haijaisha. Wakacheka wote wawili hadi muuguzi akaingia kuangalia kuna nini. Severina aliaga dunia nyumbani kwake Kiomboi siku ya Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na mumewe. Tumeumia sana. Hatuna namna nyingine ya kulisema hilo.

Marehemu ameacha mama, Scholastika, mume, Benjamin, watoto wawili, Catherine na Michael, ndugu watano, mawakili vijana wa ofisi yake, na wateja wasiohesabika, wakiwemo wengi aliowashinda wakiwa upande wa pili. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, Parokia, jumuiya ndogondogo na wote mliofika.

Kuna ombi moja la mwisho, na ni lake mwenyewe, alilomwachia Benjamin. Kabla ya jeneza kushushwa, Luciana na Amosi watasogea na kumwamkia mama yao kwa niaba ya vijana wote aliowalea. Alijua hataweza kuitikia, na hakutaka watoto wa watu waachwe wamesimama bila jibu. Kwa hiyo alimwomba mzee Chediel, aliyefika jana kwa basi na sasa ameketi mstari wa mbele na kofia yake mkononi, aitikie badala yake.

Mzee amekubali. Amesema safari hii hatachelewa.

Severina wetu apumzike kwa amani, kati ya wazee waliomtangulia, ambao bila shaka ameshaanza kuwaamkia.