Mlango wa Mjomba Haufunguki

Benchi la Mama Birika limeegemea ukuta wa duka la vifaa vya umeme, linatazamana uso kwa uso na karakana ya milango. Hubeba watu wanne kwa raha, sita kwa kubanana, na ikifika saa nne asubuhi hubeba serikali nzima. Siku hiyo serikali ilikuwa na mawaziri watatu. Profesa, mshona viatu, ambaye hajawahi kukosa jibu wala kupatia. Jaji, tarishi mstaafu wa mahakama, aliyebeba mafaili miaka thelathini hadi hukumu zikamwingia mabegani. Na Asali, msimamizi wa mafundi hapo ng'ambo, mwenye ulimi ambao haujawahi kumuudhi hata nzi. Leo Asali alikishika kikombe kama mtu aliyeshika majibu ya hospitali.

Shida yake ilikuwa mjomba wa mkewe. Pale karakanani milango hufungwa kwenye fremu kabla ya kupelekwa kwa mteja, na fundi wa kuifunga ni huyo mjomba. Milango yake huganda utadhani imegombana na wenye nyumba. Asali analijua hilo miezi minane sasa. Kila Ijumaa humsifu mbele ya wenzake kwamba mkono ule ni dhahabu, kisha mzee akishaondoka, yeye hutoa randa na kuukwangua mlango hadi ufunguke. Sasa sifa zimezaa. Mwenye karakana amezisikia, akaamua kwamba leo saa nane mjomba aende peke yake kufunga milango kumi na miwili ya wodi mpya ya wazazi. Na ameapa: mlango mmoja ukigoma, fundi na msimamizi wake watatafuta kazi pamoja.

— Si umwambie tu, alisema Mama Birika akimimina kahawa.

Hakuna aliyemsikia. Ushauri mfupi hauna heshima kijiweni.

Profesa akaeleza kwamba jambo hilo lina elimu yake, inaitwa mkate: sifa juu, sifa chini, kosa katikati, mtu anaumeza wote bila kujua. Asali akasema mkate alishaujaribu mwezi uliopita.

— Akafanyaje?

— Alikula mkate, akaacha cha katikati. Alinishukuru mara mbili, akaniomba nirudie mbele ya mkewe.

Jaji akakohoa kile kikohozi cha kufungua kesi.

— Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Kwa hiyo mwambie akiwa hayupo.

— Nitamwambiaje hayupo, Jaji?

— Kwa barua. Bila jina lako. Na bila jina lake pia, asije akajitambua akaumia.

Profesa akaidharau barua. Alitaka wabuni fundi wa mji wa mbali mwenye makosa yaleyale, wamsengenye mbele ya mjomba hadi mjomba aone haya. Kumbe na hiyo Asali alishaifanya. Mjomba alimcheka huyo fundi hadi akashika mbavu, kisha akaomba anwani yake ili akamfundishe kazi.

Hapo Jaji akapanda ngazi. Mjomba apandishwe cheo, awe Mkaguzi Mkuu wa Milango Iliyokwisha Kufungwa, apewe koti, kalamu, na kiti kilicho mbali na patasi. Profesa akasema koti ni gharama bure. Wodi iwekwe mapazia.

— Pazia haligandi, alisema. Na wahenga wametuambia tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Umesikia mlango hapo?

Jaji akakiri kwamba kisheria mlango haukutajwa. Wakaanza kubishania rangi ya mapazia, na Asali akajisikia mwenyewe anasema kijani.

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi mama mmoja mgeni, mguu mmoja peku, akingoja ndala ambayo Profesa alikuwa ameishika tangu zama za mkate bila kuipiga hata uzi mmoja.

— Samahanini, ndugu zangu, alisema. Huyo mzee ameshawahi kuuona mlango wake ukikwama?

Profesa akamtazama Jaji. Jaji akaitazama ndala. Asali akarudi nyuma moyoni, Ijumaa moja baada ya nyingine, hadi kwenye maranda aliyoyafagia kwa mkono wake ili asubuhi mzee asiyaone. Akaweka kikombe chini, akavuka barabara.

Mjomba alikuwa akipanga patasi mkobani huku akipiga mluzi. Nyuma yake ulisimama mlango aliomaliza kuufunga asubuhi hiyohiyo.

— Mjomba, hebu nifungulie ule.

Mjomba akavuta kitasa kwa vidole viwili, kibwana. Mlango ukatulia. Akavuta kwa mkono mmoja. Akavuta kwa miwili, mguu kaukanyagia ukutani, mpaka mluzi ukamkatika. Akageuka na dharau ya fundi aliyekuta uchafu wa fundi mwingine.

— Kazi ya nani hii?

Ng'ambo, benchi zima lilikuwa limesimama. Asali akahisi sifa tatu tamu zinampanda kooni. Akazimeza.

— Yako, mjomba. Na yote iliyotangulia ilikuwa hivihivi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiikwangua ukishaondoka.

Mzee akaachia kitasa, akachukua randa, akamsukumia Asali kifuani.

— Miezi minane unanichekea tu. Haya, piga magoti hapo, unionyeshe mlango unapogusa fremu. Saa nane bado.